Mstari Uliosimama Kwenye Tisini na Tisa

Mwende mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimekaa juu ya begi lako kwa sababu kiti umekijaza nguo. Naandika polepole. Unajua shule niliiacha darasa la sita, na mkono wangu umezoea magunia kuliko kalamu, kwa hiyo ukikuta neno limekatwa, liruke uende mbele.

Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki sitayaandika. Mamako amekueleza yote kwenye simu tangu Jumapili, na mengine ameyarudia mpaka salio likamkatikia. Mimi nina jambo moja.

Asubuhi ulikuwa unakunja shuka ukaniuliza, "Baba, mgongo?" Nikakujibu, "Umebaki kidogo tu." Uliniangalia vile unavyoiangalia kompyuta ikikuonyesha jambo usiloliamini, kisha ukaendelea kukunja. Najua ulichokuwa unakitafuta. Ulitaka kujua kama unaweza kwenda Kisumu kwenye kazi uliyoipata, au kama unapaswa kubaki hapa Mombasa unitunze. Na mimi nilikujibu vile ili uende.

Mgongo haujapona. Daktari wa zahanati aliniambia niache kubeba. Hakusema nipumzike, alisema niache. Aliniambia hivyo kabla hujaitwa kwenye hiyo kazi. Tangu wakati ule naenda ghalani kama kawaida, lakini wanaoinua ni wenzangu. Mimi nafagia majani ya chai yaliyomwagika na kusukuma kigari kikiwa kitupu, na siku nyingine hata hicho kitupu kinanishinda. Ukiniona nikirudi nimechoka, si kazi iliyonichosha, ni kusimama.

Basi, nimelisema. Sasa nikueleze kwa nini nilikuficha na kwa nini nimeshindwa kuendelea kukuficha, halafu wewe mwenyewe utajua la kufanya.

Nilipotoka kwetu Kitui kuja pwani nilikuwa kijana mwenye nguvu nyingi na asiyejua kitu. Nikapata kibarua kwenye ghala la chai upande wa Mbaraki, kazi ile ile niliyonayo mpaka leo. Kazi yenyewe unaijua kwa kusikia, hujaiona. Sisi tuko ndani ya kontena, joto kama tanuri la mkate, tunapokea magunia na kuyapanga mpaka juu. Ukiwa mle ndani huoni lori limebakiza nini. Anayeona ni mtu mmoja tu, aliyesimama mlangoni, na huyo ndiye anayewapa wenzake habari. Ghalani kwetu mtu wa mlangoni ni Karisa, yule Mgiriama anayevuka Feri kila asubuhi kutoka Likoni, aliyekuletea korosho ulipomaliza chuo.

Siku yangu ya kwanza nilisikia mtu akipaza sauti mle ndani, "Karisa! Bado kiasi gani?"

"Robo, wanaume! Imebaki robo! Mkimaliza hii nendeni mkaoge, mwanuka!"

"Robo ya nini, wewe?"

"Robo ya akili zako!"

Watu wakacheka, wakaendelea na mwendo wao ule ule. Mimi nikaona ajabu. Kama imebaki robo, kwa nini wanajivuta? Nikajitwika magunia mawili kwa pamoja ili tumalize. Nikafanya hivyo tena na tena, nguvu zote nikazitoa hapo. Nilipochungulia nje nikaona lori bado lina nusu nzima. Wenzangu waliponiona nimekaa chini, jasho linanitiririka na mkono umeshika kiuno, walicheka mpaka mmoja akaangusha gunia. "Mkamba kaamini!"

Karisa alinijia baadaye na maji ya kunywa. "Pole ndugu yangu, hukuambiwa? Robo yangu mimi ni ya kutia moyo. Ukisikia robo, jua ni nusu. Ukisikia bado kidogo, tafuta pa kuegemea."

Mgongo huu ulianza kunisemesha siku hiyo. Na ningekuwa mtu mwenye akili ningejifunza kitu. Lakini unajua nilichojifunza? Nilijifunza kusema kama Karisa. Mamako akinipigia kutoka Kitui kuniuliza nitakuja lini, namwambia mwezi ujao. Mwezi ukifika, namwambia bado kidogo. Sikuwa nimemdharau. Niliona namtia moyo. Baadaye akaacha kuuliza, na mimi nikafurahi, nikafikiri ameizoea hali ya mume kuwa mbali. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba anazidisha mara mbili kila ninachosema, kama wale wa ndani ya kontena. Nikimwambia nakuja Krismasi, anapanga mambo yake kana kwamba sitakuja, na nikitokea ananipokea kama mgeni.

Sasa nije kwa Mzee Shee, maana hapo ndipo nilipokuharibia kazi yako.

Ulipoanza kumsaidia pale studio yake ya picha Mji wa Kale, nilikuwa nikitoka kazini nakupitia ili turudi nyumbani Ganjoni pamoja. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake nje, kwenye kile kichochoro ambacho tuktuk ikipita watu wanabana matumbo ukutani. Nilipenda sana pale. Nilikuwa naona watu wakileta kanda zao za zamani za video, zimefungwa kwenye leso kama vitu vya dhahabu, ili ziingizwe kwenye diski. Na nilimsikia Mzee Shee akieleza kwa nini alitaka msichana wa kumfanyia kazi. Nyingi ya kanda zile ni za harusi, na usiku wa kupamba bibi harusi ni wa wanawake watupu, wamejiachia, wanaimba na kucheza, mwanamume haruhusiwi kuona. Kwa hiyo Mzee Shee akiichezesha kanda ya wanawake alikuwa anatupa kanga juu ya televisheni. Na kitu kingine, hakubali picha yoyote ya wanawake ibaki kwenye kompyuta yake. Zote zinaingia moja kwa moja kwenye diski ya mwenyewe, na mwenyewe anaondoka nayo.

Ndiyo ukamwandikia ile skripti, maagizo ya kompyuta yanayojiendesha yenyewe. Unaamrisha mara moja kwenye dirisha jeusi, na yenyewe inazichukua video zilizo kwenye diski, moja baada ya nyingine, inazipunguza ukubwa na kuandika mpya juu ya ile ya zamani, bila mtu kutazama kilichomo. Mzee Shee aliipenda kwa heshima yake. Tatizo lake lilikuwa moja, ilikuwa kimya. Nakumbuka alivyotoka mbio na kofia mkononi.

"Mwende! Hiki kidude chako kimefa!"

"Hakijafa, Mzee. Kinafanya kazi."

"Chafanya kazi wapi? Mbona kimya hivi? Hata mgonjwa hukoroma!"

Mara mbili alilifunga lile dirisha akidhani limekwama, na mara mbili ukaanza kazi upya. Mtu mwingine angeweza kuinua kanga, atazame kama video inakwenda. Yeye hawezi. Hapo ndipo ukasema utamwekea mstari unaojaa.

Sikufichi, nilidhani ni kitu kikubwa. Ulinionyesha ukicheka. Kompyuta inaandika alama chache, kisha badala ya kushuka chini inarudi mwanzo wa mstari ule ule, inaandika tena juu ya zile za kwanza na kuongeza moja. Jicho linaona kitu kinajaa, kumbe ni kufuta na kuandika. Mara ya kwanza ulisahau kuirudisha mwanzo, mistari ikamiminika chini ya dirisha na Mzee Shee akaruka nyuma akisoma aya. Mara ya pili haikuonekana kitu chochote mpaka kazi ilipokwisha, halafu mstari wote ukatokea kwa mpigo. Ukasema kompyuta inayashikilia maneno mdomoni mpaka uiamrishe iyateme. Nilicheka sana, nikasema hiyo kompyuta ni ya kwetu.

Kisha ikawa sawa. Mstari ukajaa, na namba ya asilimia pembeni yake. Lakini wewe hukuridhika. Ulisema umehesabu video, na video hazilingani. Fupi fupi zinakwenda haraka, mstari unakimbia mpaka tisini na tisa, halafu inabaki video moja ndefu, mstari unasimama hapo muda mrefu mno. Ulitaka uanze kwa kujumlisha dakika za video zote, ili mstari uende kwa dakika.

Na mimi, mzazi wako, nikiwa kwenye benchi nimekula mahamri ya watu, nikakwambia, "Achana nayo. Mzee anafurahi ikikimbia."

"Lakini Baba, si kweli. Inaonyesha tumekaribia na bado hatujakaribia."

"Si uongo, ni kutia moyo. Mtu akiona kazi imekaribia kwisha anatulia. Tena mwandikie hapo mwisho, 'karibu tunamaliza.' Ataburudika."

Ulisita. Nilikuona ulivyosita. Lakini hukulelewa kubishana na babako mbele za watu, ukayaandika yale maneno na kuuacha mstari vile ulivyo. Nilijisikia vizuri siku hiyo. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiona nimechangia kitu kwenye kompyuta.

Kilichofuata tunakijua wote wawili, ila hatujawahi kukizungumza. Bi Zuena alikuja kutoka Maskati kumzika ndugu yake, akaleta kanda za harusi yake mwenyewe, zimeota ukungu, na ile ya usiku wa kupamba ilikatika baada ya kuchezwa mara moja. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye diski yake, na mamake yumo akiimba. Mamake alikwishafariki. Siku ya kuondoka, tuktuk inamsubiri Bi Zuena na mabegi, wewe uko chuoni, na Mzee Shee yuko peke yake na lile dirisha jeusi. Mstari uko tisini na tisa. Chini yake maneno yangu, karibu tunamaliza. Akangoja. Akangoja tena. Dereva wa tuktuk anapiga honi, kichochoro kimeziba. Mzee akaamua kwamba kazi imekwisha, ni mstari tu umesahau kumalizia. Akaichomoa diski akampa. Hakuweza kuifungua kutazama, ni usiku wa wanawake.

Nilikuwepo Bi Zuena alipopiga simu kutoka Maskati. Mzee Shee aliiweka simu mezani, sauti nje, na wewe umesimama kando yake. Ile video ya usiku wa kupamba haikufunguka tena, diski ilichomolewa kabla haijamalizika. Nilitegemea atatukana. Hakutukana.

"Mzee Shee, kanda ilikuwa imeoza, hilo nalijua. Sikulaumu kwa kilichooza. Lakini kitu chenu kilinambia karibu kinamaliza. Mbona hakikunambia bado sana? Ningebadilisha safari. Mamangu nimemkosa miaka yote hii, ningeshindwa kumngoja siku moja?"

Mzee Shee alifunga macho. Wewe ukainama kwenye simu ukasema, "Ni kosa langu, Bi Zuena. Mimi ndiye niliyeiandika." Hukusema ni babako aliyekushauri. Hukunitazama hata. Na mimi nilikaa pale pale kwenye benchi, mtu mzima, nikichunguza kandambili zangu.

Siku zilizofuata uliiandika upya. Ukajumlisha dakika, ukafuta maneno yangu, ukaweka kwamba neno "imekwisha" lisitokee mpaka video ya mwisho imefungwa na kukaguliwa. Mzee Shee mwanzoni alilalamika.

"Mbona sasa yenda polepole?"

"Mwendo ni ule ule, Mzee. Zamani ilikuwa inakudanganya."

Akautazama mstari, uko kama theluthi. Akatazama saa ukutani. Akavaa kofia akaenda kuswali alasiri, na aliporudi hakukimbia, alipitia kwa muuza kahawa. Tangu nimjue sijawahi kumwona amemwachia kompyuta kazi akaenda zake. Nilikaa nikimtazama akinywa kahawa yake, nikaona kwamba miaka yote nilikuwa nimeelewa vibaya maana ya kumtia mtu moyo. Yule mzee alitulia kwa sababu alijua bado sana.

Ndiyo maana leo baada ya kukujibu kuhusu mgongo nilikosa raha mchana kutwa. Nilipofika ghalani nilimweleza Karisa. Nikamwambia kesho mwanangu anaondoka na nimemwambia nimebakiza kidogo kupona. Yeye ndiye mwenye maneno yale, nikadhani atacheka.

Akasema, "Mutua, mimi nawadanganya watu walio ndani ya kontena. Hawana pa kwenda, lazima wamalize. Mwanao ana pa kwenda. Utamdanganyaje mtu anayechagua njia?"

Nikachukua ufagio. Lakini maneno ya Bi Zuena yalinirudia palepale. Ningebadilisha safari.

Kwa hiyo hii hapa hali yangu, bila kutia moyo. Kubeba kumekwisha, sitabeba tena. Wenzangu wananificha kwa msimamizi, na hilo haliwezi kuendelea, wala si haki kwao. Maumivu ni ya kila siku ila si ya kuniua, nalala, nakula, natembea mpaka Mji wa Kale nikipumzika njiani. Daktari anasema mazoezi yatasaidia, hajui kiasi gani wala lini. Nilimuuliza nitapona kwa asilimia ngapi, akacheka akaniuliza hesabu hizo nimezipata wapi. Ulipokuwa ukinionyesha ule mstari uliwahi kusema kwamba mahali ambapo jumla ya kazi haijulikani hapachorwi mstari, inawekwa alama ndogo inayozunguka ili mtu ajue kwamba kitu kipo hai. Basi mgongo wangu ni wa namna hiyo. Usinidai namba. Nikikupigia nitakwambia nilivyo siku hiyo, na itakuwa kweli.

Mzee Shee ameniambia kuna kazi ya kukaa. Kanda zenye ukungu zinahitaji mtu wa kuzifungua, kuzifuta taratibu kwa pamba na spiriti na kuzikunja tena kabla hazijachezwa. Amesema mikono yangu haitetemeki kama yake. Ameniambia mara kadhaa na kila mara nimemjibu nitafikiria. Aibu ilinishika. Niliona mwanamume aliyezoea magunia, leo akae kitini na kipande cha pamba kama anamfuta mtoto pua. Ningeweza kukuandikia hapa kwamba nimekubali na Jumatatu naanza, na ungeondoka na moyo mweupe. Sijakubali. Sijaenda kwake. Nimeamua kwenda kesho nikitoka kukusindikiza, lakini kuamua si kwenda, na kama nafasi imeshapewa mtu mwingine nitakwambia hivyo hivyo.

Kuhusu wewe, nataka uende. Nataka sana. Kazi ya namna hii hukuipata kwa bahati, ulikesha kwa ajili yake, na kukaa kwako hapa hakutaninyoosha mgongo, kutaongeza tu mtu wa pili aliyekaa. Mamako hajui habari hizi. Nitampigia mimi mwenyewe kesho jioni, usimwambie wewe, huo ni mzigo wangu na huu nauweza. Lakini wewe ni mtu mzima, na unayaona mambo mimi nisiyoyaona. Huenda ukasoma haya ukasema siwezi kumwacha. Sitakulaumu, na sitakudharau. Kazi haitakungoja, hilo nalo ulijue. Ninachokataa ni wewe kufika Kisumu ndipo ugundue uliondoka hapa kwa kuniamini kitu ambacho hakikuwepo.

Na ukienda, usinifanyie niliyowafanyia nyinyi. Kama huko kugumu, sema kugumu. Kama umekosea kazini, sema umekosea, hata kama sitaelewa hicho ulichokosea. Nimezeeka kwenye maneno ya bado kidogo na nimechoka kuyasikia, hata yakitoka mdomoni kwangu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi, chini ya mashuka, uikute ukishafika. Nimekaa juu ya begi lenyewe na kufuli liko wazi. Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi asubuhi pale stendi, kabla mizigo haijapandishwa, na nimemwomba karani wa basi alipakie begi lako mwisho. Soma mpaka hapa chini. Usinionee haya, usiharakishe kwa ajili ya dereva. Nitakuwa nimesimama kando yako na begi miguuni, na ukimaliza utaniambia tulipakie au tulirudishe nyumbani.

Babako,
Mutua